Nisaini nimwachie shamba, anipe mbwa?

Mjomba, shikamoo.

Naandika kwa aibu kidogo, maana najua wapo watakaocheka. Wenzangu wanakuandikia habari za waume walevi na mawifi wakorofi, mimi nakuletea habari za mbwa. Lakini nivumilie hadi mwisho.

Mimi na baba watoto tumeishi Nanguruwe, huku Mtwara, miaka kumi na moja. Tuna watoto wawili, wa kiume ana miaka tisa, wa kike mitano. Mwezi wa tatu mwaka huu aliniandikia talaka moja, kaka yake akiwa shahidi. Sababu siitaji, yeye anaijua na mimi naijua. Eda nilikaa palepale nyumbani kama nilivyofundishwa. Ilipokwisha nikafunga vyombo, nikachukua watoto, nikarudi kwa mama Mikindani.

Tuna mbwa anaitwa Yataisha. Jina alipewa na baba watoto msimu ule wa 2018, serikali ilipowaweka pembeni wanunuzi na kuchukua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, jeshi likabeba, na sisi tukakaa tunasubiri uhakiki wa wakulima na pesa haziji. Kuna mtu alikuwa na deni la baba watoto, akashindwa kulipa, akamlipa kitoto cha mbwa. Alirudi nacho jioni kwenye mfuko wa shati. Nilimpokea kwa maneno makali, unga wenyewe hatuna, wewe unaniletea mdomo mwingine! Akacheka, akasema, "Yataisha haya." Ndiyo likawa jina.

Tangu siku hiyo anayemlisha ni mimi. Ugali wa muhogo, vichwa vya samaki, ukoko. Ana sufuria lake bovu lililopinda, ukingo wote umejaa alama za meno, kwa sababu njaa ikimshika analiuma, analibeba, anakuja kulibwaga mbele ya mlango wa jiko. Mwaka juzi aligongwa na bodaboda, mguu wa nyuma ukavunjika. Nilimfunga vijiti kwa kipande cha kanga yangu, nikamnywesha maji kwa kiganja siku nne. Chanjo ya kichaa nampeleka mimi kila mwaka, na kadi ina jina langu.

Siku tunaondoka alikimbia nyuma ya bajaji hadi lami. Mwanangu alikuwa amegeuka anamtazama. Hakulia, ila hakusema neno hadi tunafika Mikindani.

Mwanzoni baba watoto alikuwa anamleta Jumamosi kwa pikipiki, kamtia kwenye gunia la korosho, kichwa nje. Watoto wanacheza naye hadi jioni, anarudi naye. Ikawa hivyo mara mbili. Mara ya tatu alikuja peke yake, akasema mafuta ya pikipiki hayaokotwi.

Sasa ni msimu wa salfa, dawa ya mikorosho. Yeye anakodiwa kupuliza mashamba ya watu, anakwenda Tandahimba, anakwenda Newala, siku tatu, siku nne harudi. Mbwa anamfunga mnyororo kwenye mkorosho. Jirani yangu wa kule amenipigia simu kuwa shingo imechubuka, na yeye ndiye anayemrushia makombo. Nikampigia baba watoto, akanijibu, "Mbwa ni wangu, nililipwa mimi kwa deni langu. Ukimtaka, rudi." Nikakata simu.

Wiki iliyopita amekuja na karatasi. Imeandikwa kwamba mimi nachukua mbwa, cherehani na godoro, yeye anabaki na nyumba na shamba, tukasaini kwa mwenyekiti wa kijiji, tusidaiane tena. Shamba ni mikorosho 52, tulilinunua 2016.

Kinachoniumiza ni mtoto. Tulipofungua vyombo hapa kwa mama, sufuria la Yataisha lilikuwamo, sijui nani alilitia. Mama alitaka kuliwekea kuku maji. Mwanangu alilia hadi akatapika. Sasa analala nalo pembeni ya mkeka.

Mama anasema nisaini tu yaishe. Dada yangu anasema mbwa ni najisi, nitaleta balaa kwenye nyumba ya swala. Mimi nimechoka, Mjomba. Nisaini?

Mama wawili, Mikindani

*

Marahaba, mpwa wangu.

Usisaini.

Nimetanguliza hilo kwa sababu karatasi inaweza kurudi kesho asubuhi kabla hujamaliza kunisoma. Mwambie baba watoto mambo ya kusaini yanasubiri wajomba zako. Hilo halina ubishi, na yeye kama amezaliwa huku anajua maana yake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Yataisha nimemwona kabisa, na sufuria lake, na vijiti vyake mguuni. Mikorosho hamsini na miwili umeipa sentensi moja, nyumba hata hiyo hukuipa. Sikulaumu. Mkorosho hauji kubwaga sufuria mlangoni, wala haukimbii nyuma ya bajaji. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha kugawana vitu ambacho nyumba iliisha kwa robo saa, halafu tukagombana hadi alasiri juu ya redio ya mbao isiyoshika hata stesheni moja. Watu wakiachana ndivyo wanavyokuwa, uchungu unatafuta kitu kidogo cha kukalia.

Na baba watoto anakujua. Miaka kumi na moja amekuona ukibandua ukoko kwa ajili ya yule mbwa. Kwa hiyo amekuletea bei.

Wewe ni mtu wa Nanguruwe, sina haja ya kukueleza kangomba. Mtu anamvizia mkulima mwezi wa njaa, mtoto anaumwa, ada inadaiwa, anampa visenti leo kwa korosho ambayo haijaanguka. Msimu ukifika anaipeleka mzigo mzima mnadani kwa bei kamili. Mkulima hakulazimishwa, alikubali kwa mdomo wake, na bado sote tunajua kilichofanyika. Karatasi uliyoletewa ni kangomba, mpwa wangu. Amengoja mtoto wako atapike, ndipo akaja kupima.

Inawezekana hakukaa chini akalipanga hivyo. Kangomba nyingine hazipangwi, mtu anaona tu mwenzake ana shida na mkono unaenda wenyewe kwenye bakuli la kupimia.

Sasa sheria, kwa kifupi. Talaka aliyokuandikia ni ya dini. Mgawo wa mali una njia yake: mnapita kwanza Baraza la Usuluhishi la ndoa, na baraza likishindwa kuwapatanisha linaandika hivyo, ndipo shauri linaingia Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali mliyochuma pamoja. Na usikubali kuambiwa kwamba hukuchuma kwa sababu korosho ziliuzwa chama cha msingi cha ushirika kwa jina lake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika mali. Halafu kuna kipande cha shauri hilo ambacho watu hawakisimulii. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na fungu siku ile, kwa sababu pesa alizokuwa amepewa na mumewe zilihesabiwa, ikaonekana amezitapanya. Ulichopokea mapema kinahesabiwa. Karatasi yenye sahihi yako, mbwa na godoro juu, itakuwa kazi kubwa kuieleza mbele ya hakimu.

Kwa hiyo tafuta makubaliano ya kununulia shamba yako wapi, nani walishuhudia, na pesa ya 2016 ilitoka wapi. Kama sehemu ilitoka kwenye kikoba chako, daftari la kikoba lipo. Risiti za salfa, majirani waliokuona unapalilia na kuokota, vyote hivyo. Na matunzo ya watoto hukuyagusa kabisa. Baba ana wajibu wa kuwatunza wanawe hata wakilala kwa bibi yao. Ukikwama, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inalishughulikia hilo. Sitakaa hapo zaidi, maana ninajua moyo wako uko kwenye mnyororo.

Kisheria mbwa ni mali. Kwa mtoto sheria inatazama ustawi wake, na aliye chini ya miaka saba inaanza kwa kudhani kwamba mahali pake pazuri ni kwa mama. Kwa mbwa hakuna kifungu cha namna hiyo. Yeye anahesabiwa na cherehani. Hoja ya mwenzako kwamba alilipwa yeye si ya kipuuzi. Hoja yako ya kadi ya chanjo si hati ya kumiliki, ila ni ushahidi mzuri wa nani alikuwa anahangaika naye. Mkifika mbele ya hakimu na mbwa, nadhani atawatazama wote wawili kwa huruma na kuwauliza kama hamna wajomba.

Mjomba nipo hapa, kwa hiyo nakata shauri mwenyewe.

Yataisha aende Mikindani kwa watoto. Ungeniandikia kwamba baba watoto yupo nyumbani kila siku, mbwa anazunguka shambani kama alivyozoea, anakula jioni, ningekwambia umwache huko, na mtoto ungemfariji kwa njia nyingine. Mbwa wa shamba kumleta kwenye vichochoro vya Mikindani si fadhila kubwa kwake. Lakini mtu anayelala Tandahimba siku nne hana mbwa. Ana mnyororo wenye mbwa. Jirani anayerusha makombo ndiye mfugaji kwa sasa, na hata yeye hajaombwa. Kumtesa mnyama kunakatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, ila sikutumi kushitaki. Nakutaka uijue tu, ili usijione mjinga wa kulilia mbwa.

Mjomba wako wa tumbo moja na mama ndiye aende. Kwetu huku, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, ukoo unapita kwa mama, na mjomba anaingia mahali ambapo baba mzazi angeogopa kuingia. Aende siku ambayo hakuna ajenda nyingine. Asiseme shamba, asiseme matunzo, hata akichokozwa. Aseme hivi: "Nimekuja kumchukua mbwa wa watoto mpaka salfa iishe, kisha tutaongea." Mwanamume aliyekataa kushindwa na mkewe anaweza kumkubalia mjomba bila kujiona ameshindwa. Na shingo ikiwa mbichi, wapitie kwa ofisa mifugo kabla ya kushika njia.

Na huyo mjomba ampelekee maneno laini. Nasema hivyo kwa sababu ya lile gunia. Mtu asiyempenda mbwa hamtoi kichwa nje ya gunia apate upepo. Ndiye aliyembeba kwenye mfuko wa shati, ndiye aliyempa jina wakati wote mmekata tamaa. Nyumba imenyamaza, watoto hawapo, na kiumbe pekee anayeamka akisikia pikipiki yake ni yule. Simwondolei kosa la mnyororo. Ila akija kuwaona watoto, Yataisha atoke amlaki, asifichwe. Mwezi wa kumi korosho zikianza kuanguka atahitaji mbwa wa kulinda usiku, atafute kitoto kingine mapema kizoee.

Ile ya kupelekana Jumamosi hadi Jumamosi siipendi. Kwa watoto sawa, wanaelewa kalenda. Mbwa haelewi, kila jioni kwake ni kuachwa upya.

Tuje kwa mama na dada yako. Nyumba ni ya mama. Akikataa kabisa, mbwa haji, na hilo nisingependa ulibishie. Lakini mwulize anachokataa hasa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo au nguo iliyoguswa inaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo dada yako kasema kweli. Balaa ameongeza yeye. Mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa katika hadithi za Mtume, na wapo masheikh wanaomlinganisha nao wa kulinda nyumba. Mwulizeni sheikh wa msikiti wenu, mama atatulia akisikia kwa mtu anayemwamini kuliko mimi. Mkumbushe pia Suratul Kahf, wale vijana walilala pangoni na mbwa wao amenyoosha miguu kizingitini. Kizingitini, si mkekani. Basi na huyu abaki uani, banda lake likae mbali na njia ya kwenda kutawadha, na sufuria lake lioshwe peke yake kwenye bomba la nje. Mtoto akishamaliza kucheza naye aoge, abadili nguo kabla ya kwenda chuo cha Kurani. Ana miaka tisa, anaweza. Na huko kulala na sufuria pembeni ya mkeka kukome siku mbwa anapofika.

Siku za mwanzo usimwachie. Mbwa aliyehamishwa hutafuta njia ya kwenda kwao, na kati ya Mikindani na Nanguruwe kuna malori ya kutosha. Mfungie uani wiki mbili, umtoe kwa kamba asubuhi na jioni, mtoto akiwa upande mmoja na mtu mzima upande mwingine. Mlishe saa ileile uliyokuwa unamlisha kule. Gunia alilozoea kulalia lije naye, lisifuliwe. Kadi ya chanjo waonyeshe majirani kabla hawajauliza, kwa sababu mbwa mgeni mtaani anaogopesha, na ukanda wetu huu kichaa cha mbwa si hadithi. Akimparua au kumuuma mtu yeyote, hata kwa mchezo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyohiyo, kadi au hakuna kadi.

Nimebakiza neno moja, lile la "ukimtaka, rudi." Umelipita haraka, ukasema ulikata simu. Eda yako imekwisha. Hawezi kukurejea kwa neno la mdomo, wala kwa mbwa. Akikutaka ni posa mpya, mahari mpya na ndoa mpya, na katika umri wangu wote sijasikia mahari ya mbwa, tena mbwa uliyemlea mwenyewe. Kama ndani yako kuna sehemu iliyotamani kurudi ulipolisikia, hilo ni lako, si dhambi. Niandikie tena, tutaliongea peke yake, bila Yataisha katikati. Lisipokuwepo, vilevile ni sawa, nawe utakuwa umejua ulichokuwa unalilia.

Mjomba wako akikubali, aende Ijumaa baada ya swala, mradi jirani yako wa kule amethibitisha kwamba baba watoto yupo nyumbani. Mwanao asiambiwe chochote kwanza, lisije likashindikana. Na mwambie mama lile sufuria aliache, awatafutie kuku kitu kingine.

Mjomba